Asanteni, Mmetuletea Mvua

Kwa miaka sita Mwalimu Nyanzobe Makene alifundisha kejeli kwa sentensi moja ileile, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza ameitoa wapi. Kila kidato cha sita walipofika kwenye mada ya pragmatiki, ile ya maana ya usemi kulingana na muktadha, aliiandika katikati ya ubao kwa mwandiko wake mkubwa: Asanteni, mmetuletea mvua. Kisha aligeuka, akakung'uta chaki mikononi, akawasimulia kisa kwa ufupi. Familia imeanika maharage ya mbegu uani. Bibi harusi mgeni ameachwa ayalinde. Mvua imeshuka ghafla na maharage yameloa chapachapa. Baba mwenye nyumba anatoka, anayaangalia maharage, halafu anamwambia bibi harusi maneno haya. Je, anashukuru?

Darasa hucheka. Hashukuru, madam, anampiga kijembe.

Hapo ndipo alipowapa maswali yake matatu, ambayo wanafunzi waliotoka mikononi mwake wanayakumbuka mpaka leo. Nani anasema? Anamwambia nani? Na kabla mdomo haujafunguka, wote wawili wanajua nini? Aliwaeleza kuwa maneno yenyewe hayana kosa, unaweza kuyatafuta kwenye kamusi usiione kejeli. Kejeli imo katika kile ambacho msemaji na msikilizaji wanakijua pamoja. Mtu akikushukuru kwa hasara, na nyote wawili mnajua ni hasara, basi shukrani hiyo imegeuzwa ndani nje kama shati. Wakishalielewa hilo, aliwapeleka kwenye riwaya kongwe waliyokuwa wakiisoma, kwa mjane anayemshukuru jumbe aliyemchukulia ng'ombe wake wa pekee, na wanafunzi walimwelewa mjane mara moja.

Alikuwa mwalimu mzuri, hilo halina ubishi. Ila kisa kile hakikuwa cha kutunga. Bibi harusi alikuwa yeye mwenyewe.

Nyanzobe alikulia bondeni Momba, ambako baba yake alihamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani kabla yeye hajazaliwa. Huko alijua mapema kwamba neno "ninyi" linaweza kuwa na fimbo ndani yake. Katika mikutano ya kijiji, ng'ombe wakishaingia kwenye mahindi ya mtu, wafugaji wote, wenye kosa na wasio na kosa, waliambiwa ninyi. Ninyi na mifugo yenu. Ninyi mliokuja. Alikuwa akiketi nyuma ya mama yake kwenye mikutano hiyo, na sikio lake likafunzwa humo. Baadaye alikwenda chuo kikuu, akasoma isimu, akajua majina ya kitaalamu ya mambo mengi, lakini sikio alilokwenda nalo ndilo alilorudi nalo.

Aliolewa na Ambakisye Mbonile, wakala wa forodha pale Tunduma, mtoto wa Mbebe katika milima ya Ileje. Walifunga ndoa Desemba, na wiki hiyohiyo wakapanda mlimani ili bibi harusi aonekane. Baba mkwe wake, Mzee Jonasi Mbonile, alikuwa mzee wa kanisa, mrefu na mkimya, na tangu aingie pale Nyanzobe aliona kuwa hamtazami. Akiingia yeye, mzee anageuza uso. Akipita yeye, mzee anapisha njia mbali, hata kuingia majanini. Ambakisye alimwambia ndiyo mila, baba mkwe na mkwe wake huheshimiana hivyo. Nyanzobe alikubali kwa mdomo.

Siku ya tatu aliachwa alinde maharage. Kwao bondeni mvua huonekana ikija tangu mbali, unapata muda wa kuanua nguo, kufunga ndama na hata kuulizana itafika au haitafika. Pale Mbebe ilitoka nyuma ya kilima kwa kufumba na kufumbua. Alipofikia mkeka, maharage yalikuwa yanaelea. Alisimama katikati ya uwanja kanga imemgandia mwilini, na mzee akatoka barazani, akayatazama maharage, akageuza uso pembeni, akasema kwa Kiswahili chake kizito cha mtu aliyekulia kwenye Kindali, lugha ya kwao: "Asanteni. Mmetuletea mvua."

Mmetuletea. Ninyi.

Kesho yake alfajiri Nyanzobe alimwamsha mumewe akamwambia anataka kuondoka. Alisema baba yako hanitaki, na hakusema zaidi. Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miaka tisa, na hakukanyaga tena Mbebe. Watoto, Tumaini na Brenda, walipanda na baba yao kila likizo, naye alibaki Tunduma akisahihisha madaftari. Na kila mwaka, mvua za kwanza zilipoanza mlimani, salamu ileile iliteremka, mara kwa simu, mara kwa midomo ya watoto: "Mama, babu anasema tukuambie mvua imefika." Kila mwaka alijikaza, akasema haya, akaenda jikoni, na mara nyingine akavunja kitu. Alishavunja vikombe vinne. Aliona mzee ana roho ngumu kweli, mtu wa kurudia kijembe kimoja miaka tisa bila kuchoka.

Mwaka huu, Novemba ilipokuwa katikati, simu ilipigwa kutoka Mbebe kueleza kwamba mzee amepooza upande mmoja. Hospitali walimweka siku tisa, kisha wakawaambia ndugu wamrudishe nyumbani wamtunze vizuri, na kila aliyesikia maneno hayo alijua maana yake. Aliyepiga simu hiyo, na nyingine baada ya siku hizo tisa, alikuwa Dina, dada yake Ambakisye, ambaye hakuwahi kuolewa na ndiye aliyekuwa akiwatunza wazazi. Alisema mzee hasemi sana, mdomo umepinda, lakini jina moja amelitaja mara tatu. Anamtaka mkwe wake aje.

Ambakisye alileta habari hiyo mezani Jumatano jioni. Alisema anaondoka Jumamosi asubuhi, na angependa waondoke wote. Hakumbembeleza, hakuwa mtu wa kubembeleza. Nyanzobe alijibu kwamba atamwombea mzee, ila haendi. Hakuona sababu ya kupanda mlima ili asemwe na mtu anayekufa, maana maneno ya mtu anayekufa huwezi kuyajibu, na utabaki nayo maisha yako yote. Ambakisye alisukuma sahani yake mbele. Alisema tu kwamba Jumapili inaweza kuwa imechelewa.

Kesho yake, Alhamisi, Nyanzobe aliingia darasani, kidato cha sita mchepuo wa historia na lugha, HKL, akafungua mada ya pragmatiki. Angeweza kuacha mfano wake siku hiyo. Lakini mtu mwenye hasira hupenda kuigusa hasira yake aone kama bado ipo. Aliandika sentensi ubaoni, akasimulia kisa, akasubiri kicheko.

Kicheko kilikuja. Dennis, kijana wa dawati la mbele mwenye ulimi mwepesi, alisema huyo mzee ni noma, amemmaliza bibi harusi kwa maneno matatu. Wengine wakapiga meza. Nyuma kabisa, karibu na dirisha, msichana mmoja hakucheka. Aliitwa Tukuswiga, mpole wa kupitiliza, wa kujibu anapoulizwa tu. Siku hiyo alinyoosha mkono bila kuulizwa.

"Madam, samahani," alisema. "Hukutuambia ilikuwa mwezi gani."

Nyanzobe alimwuliza mwezi unahusu nini. Tukuswiga alisimama, akashika ukingo wa dawati. Alisema ni lile swali la tatu la madam mwenyewe, wote wawili wanajua nini. Wao darasani wamejulishwa habari za maharage tu. Habari za mvua hawajajulishwa. Hawajui kama ilikuwa inasubiriwa.

"Desemba," Nyanzobe alisema. "Mwishoni."

"Mwishoni mwa Desemba, na mbegu bado ziko uani?" Msichana alitikisa kichwa kama anayemhurumia mtu. "Basi mvua ilikuwa imechelewa mno, madam. Hao watu walikuwa wanaiona njaa mbele yao. Na huyo mzee ni mtu wa wapi?"

Nyanzobe hakukusudia kujibu. Jibu lilitoka lenyewe. "Mbebe."

Tukuswiga aliinamisha macho. Alisema yeye ni mtoto wa Mbebe, na kama madam hatakasirika, kwao hiyo siyo kejeli. Kwao baba mkwe hawezi kumwambia mkwe wake "wewe". Akisema wewe amemtukana, na wazee watamwita kikao. Humwambia ninyi, hata akiwa peke yake, kama unavyomwambia mtu mzima yeyote unayemheshimu, na wazee wengi wanapokuja kwenye Kiswahili wanakuja na ninyi yao hiyohiyo. Atamwambia ninyi na atatazama pembeni. Na bibi harusi akiingia na mvua ya kwanza, ni heri kwa nyumba nzima, lazima ashukuriwe. Mama yake yeye Tukuswiga aliingia siku ya jua kali, na mpaka leo babu anamtania kwa hilo.

Dennis alisema haiwezekani, maharage yameloa, atashukuru nini. Tukuswiga alimjibu bila kumtazama kwamba mbegu iliyoloa siku mvua inaanza hupandwa kesho yake asubuhi, na huota haraka kuliko kavu. Mkulima hawezi kulia kwa hilo. Kisha akamrudia mwalimu.

"Yule mjane wa kwenye kitabu, madam, yeye alipiga kijembe kweli, kwa sababu jumbe alijua kwamba mjane anaishi kwa maziwa ya ng'ombe yule. Wote wawili walijua. Lakini huyu bibi harusi alikuwa mgeni, sivyo? Hakujua anachokijua mzee. Basi kejeli ilikuwa sikioni kwake. Mdomoni kwa mzee haikuwepo."

Nyanzobe alitazama ubao. Sentensi ilikuwa palepale, kwa mwandiko wake, herufi zilezile. Aliweka chaki mezani. Alisema kipindi kimeisha, ingawa kengele ilikuwa bado dakika kumi na tano, na wanafunzi wakatoka polepole wakitazamana. Tukuswiga alibaki mlangoni, akaomba radhi kama amemkosea. Nyanzobe alimwambia hajamkosea mtu.

Alirudi nyumbani kwa miguu, njia ya sokoni. Mbele ya vibanda vya vitenge Ba Fides, mama wa kutoka upande wa Zambia ambaye Nyanzobe alinunua kwake miaka yote, alimpungia mkono kama kawaida. "Muli shani, madam." Nyanzobe alisimama kama aliyeitwa jina. Alimwuliza kwa nini humwambia muli, yaani ninyi, naye anamwona yuko peke yake. Ba Fides alidhani anataniwa, akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, alieleza kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kibemba kwamba mtu mzima huwezi kumwambia "uli", hiyo ni ya watoto, ukimwambia madam "uli" umemdharau. Kwani siku zote alifikiri wanasalimiwa akina nani?

Miaka yote ile alikuwa akisalimiwa kwa wingi katikati ya soko, kila Jumamosi, na hakuwahi kukasirika hata mara moja. Kwa Ba Fides aliisikia heshima kwa sababu hakuitafutia kitu kingine. Kwa baba mkwe wake alikwenda na sikio la mikutano ya Momba, na likamletea lilichozoea kuleta. Mwalimu mzima wa pragmatiki. Aliona aibu kiasi kwamba alipita njia ya uchochoroni asikutane na mtu anayemjua.

Ambakisye alimkuta ameketi sebuleni na mkoba wa shule bado begani. Hakumpa nafasi ya kukaa.

"Siku ile baba aliposema tumewaletea mvua," aliuliza, "alimaanisha nini?"

Ilimchukua mumewe muda kukumbuka. Alikunja uso, kisha ukakunjuka. Alisema si alikushukuru? Mvua ilikuwa imekawia wiki sita mwaka ule, watu walishaanza kuuza mbuzi. Yeye mwenyewe alikuwa zizini, alimsikia baba akisema hivyo akafurahi, akajua mkewe amepokelewa. Kesho yake akaamshwa alfajiri na kuambiwa, baba yako hanitaki.

"Na hukuniuliza kwa nini."

"Nilijua kwa nini. Nilidhani ni kwa sababu hakutazami usoni. Nikakueleza kuwa ni mila, ukanikubalia." Ambakisye aliketi sasa, taratibu. "Kwani wewe ulisikia nini?"

Nyanzobe alimweleza. Alimweleza mikutano ya Momba, neno ninyi, maharage yanaelea, sentensi ya ubaoni miaka sita. Alimweleza pia zile salamu za kila mwaka na vikombe vinne. Mumewe alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imeshika kichwa. Miaka tisa walikuwa wamelala kitanda kimoja wakigombana juu ya mambo mawili tofauti, kila mmoja akidhani ni jambo moja.

"Zile salamu," Ambakisye alisema hatimaye. "Baba alidhani ukisikia mvua imefika utakuja. Kila mwaka mvua ikianza alifagia mwenyewe chumba chetu. Mama alimkataza kwa sababu ya mgongo, hakusikia."

Hapo Nyanzobe alilia, kwa sauti, kama anavyolia mtu aliyefiwa, na mzee alikuwa bado hai.

Walipanda Jumamosi. Waliiacha barabara kuu pale Mpemba, wakapita kwenye migomba na vilima, na njia nzima Nyanzobe alikuwa akipanga maneno. Alipanga Kiswahili sanifu kabisa, sentensi za kuomba radhi zenye mwanzo na mwisho. Kila alipozirudia kichwani aliziona hazifai. Anga lilikuwa jeupe bila wingu. Mashamba yalikuwa yamelimwa tayari, udongo mwekundu ukisubiri, na hapa na pale watu walisimama kando ya matuta mikono kiunoni wakitazama juu.

Dina ndiye aliyewapokea. Alimkumbatia kaka yake, akawabusu watoto, kisha akamgeukia wifi yake, akapiga magoti nusu, kwa adabu zote.

"Karibuni, wageni," alisema. "Poleni na safari. Miaka tisa njiani si mchezo."

Nani anasema, anamwambia nani, wote wawili wanajua nini. Safari hii jibu lilikuja bila taabu. Hiki kilikuwa kijembe, tena kimenolewa, na kilikuwa haki yake. Nyanzobe alipiga magoti yote mawili, palepale kwenye vumbi.

"Asante, wifi," alisema. "Nimestahili."

Dina alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alipoukosa alisimama kidogo, hajui aweke wapi mikono, mwishowe akauchukua mkoba wa mgeni wake akaupeleka ndani.

Mama mkwe alitoka chumba cha mgonjwa akamshika Nyanzobe mikono yote miwili. Hakuuliza alikuwa wapi. Alisema mzee amesinzia, na kwa vile yeye anatakiwa akae naye na Dina ana chakula motoni, basi Nyanzobe asaidie kulinda mbegu. Alisema hivyo kama anayemtuma mtu wa nyumbani. Uani, juu ya mkeka, maharage yalikuwa yameanikwa, madogo, mekundu yenye mistari myeupe. Mama mkwe alichota kiganja kimoja akamwonyesha. Alisema haya ndiyo yaleyale. Siku ile alipoondoka alfajiri, wao walikuwa wanayapanda saa hiyohiyo yakiwa bado na maji, yakaota yote, na tangu hapo mzee hakubali mbegu nyingine. Huyaita maharage ya mkwe. Mwaka mmoja jirani alitaka kubadilishana nao kwa mbegu ya kisasa, na mzee hakumsalimia jirani huyo mpaka Pasaka.

Nyanzobe aliketi kwenye kigoda kando ya mkeka. Nyuma yake, juu kidogo ya kichwa, lilikuwa dirisha la chumba cha mgonjwa, limefungwa pazia jepesi. Alijua hataingia humo. Tukuswiga alikuwa amemfundisha hilo pia, siku ya Ijumaa, alipomwita ofisini na kumwuliza maswali ya adabu kama mwanafunzi anayejiandaa na mtihani. Mkwe haingii chumbani kwa baba mkwe, hata akiwa mgonjwa. Hukaa nje na kuongea akiwa nje, na hapo heshima imetimia.

Jua lilipokuwa limevuka paa, alimsikia mama mkwe ndani akisema Kindali polepole. Kisha sauti nyingine, nzito, ikivuta maneno kama mtu anayevuta gogo.

"Mmekuja."

Nyanzobe hakugeuka. Alitazama maharage. "Tumekuja, baba," alisema. "Shikamooni."

Marahaba ilichelewa, lakini ilikuja. Zile sentensi zote za njiani zilikuwa zimemtoka. Alisema tu kilichobaki.

"Nisameheni, baba. Siku ile nilisikia vibaya."

Ndani kukawa na mnong'ono, mama mkwe akimwelezea mzee au akimfuta mdomo. Nyanzobe alisikia kitanda kikilia.

"Ni Kiswahili changu," mzee alisema. Kila neno lilikuja peke yake. "Nimejifunza ukubwani. Labda sikusema vizuri."

"Mlisema vizuri, baba." Alikuwa analia sasa na hakujifuta. "Mimi ndiye niliyekuwa sijui Kiswahili."

Kuku alisogea kwenye mkeka, Nyanzobe akamfukuza kwa mkono. Alidhani mgonjwa amelala tena, akaanza kuyageuza maharage upande wa pili, taratibu, yasifanye kelele.

"Mmekuja na mvua?"

Aliinua macho. Anga lilikuwa jeupe lilelile, kuanzia kilima mpaka kilima. Angeweza kumdanganya, na nani angemlaumu.

"Hapana, baba," alisema. "Safari hii nimekuja mwenyewe tu."

Pumzi ilisikika ikiingia na kutoka nyuma ya pazia.

"Basi," mzee alisema. "Mmetosha."

Hakusema tena neno lolote siku hiyo, na kwa kadiri Nyanzobe alivyokuja kuambiwa, hakusema neno linaloeleweka tena. Alifariki Jumatano, mchana, mkewe akiwa ameenda kuchota maji. Walimzika Ijumaa juu ya shamba la kahawa, udongo ukiwa mkavu hata majembe yalitoa sauti. Wanakwaya waliimba vizuri. Watu walisema mtu mwema kama yule mvua ingemlilia, na baadhi yao walitazama juu kwa matumaini, lakini haikunyesha siku ile wala wiki ile. Nyanzobe alipika pamoja na wanawake wengine, akaosha vyombo, akalala mkekani na wafiwa. Dina alimpokonya sufuria nzito mara mbili bila kusema kitu.

Alirudi darasani wiki ya mwisho ya muhula. Sentensi ya ubaoni ilikuwa imefutwa na mtu, labda mfanya usafi, labda Tukuswiga. Aliwaambia wanafunzi wafungue madaftari pale walipoandika mfano ule chini ya kichwa cha kejeli, wakate mstari. Kisha akawaambia bibi harusi wa kile kisa ni nani. Hawakucheka. Dennis aliuliza kwa sauti ya chini kama mzee bado yupo, naye akamjibu kwamba hayupo. Wakarudi kwenye riwaya, kwa mjane na jumbe wake, na somo likaendelea.

Walikuwa katikati ya ukurasa mvua ilipoanza. Ilianza upande wa mpakani, ikaja juu ya mapaa ya bati, ikafika darasani kwa kishindo hata yeye aliyekuwa anawasomea kwa sauti akaonekana anatikisa midomo tu. Kila anayefundisha chini ya bati anajua hapo hakuna la kufanya. Nyanzobe alifunga kitabu, akaketi. Wanafunzi walitazama nje. Tukuswiga alimtazama yeye.

Simu ilitetemeka ndani ya mkoba. Ilikuwa ujumbe kutoka kwa Dina, ambaye katika miaka yote tisa hakuwahi kumwandikia hata neno.

"Wifi, mvua imefika."

Hapakuwa na neno lingine. Nyanzobe aliusoma, akausoma tena. Alijua nani anasema, alijua anamwambia nani, na safari hii kile ambacho wote wawili walikijua alikuwa nacho chote. Aliandika jibu pale mezani, mbele ya darasa, huku bati likinguruma juu yake.

"Asanteni. Ninakuja."